Mtoto Aliyekubali Jina

Siku za chanjo hapa Oyugis, kina mama huniomba radhi. Mtoto akidungwa sindano akaangua kilio, mama huona haya, humziba mdomo kwa titi, humtikisa, huniambia, "Pole sista, huyu ako na kelele sana." Nami huwaambia wamwache alie. Wengine hudhani nina moyo wa jiwe. Mmoja aliwahi kunitolea ukweli wangu mbele ya foleni nzima, kwamba ndiyo sababu Mungu aliniumba bila ulimi mtamu. Hilo sikulikana. Ulimi wangu ni mchungu tangu utotoni, na marehemu mama alinionya kwamba utanikosesha mume. Mume nilimpata, naye ndiye aliyejifunza kunyamaza.

Sipendi kuona mtoto akiteseka. Napenda kumsikia akilia. Hayo ni mambo mawili, na tofauti yake niliijulia barabarani, kati ya Karungu na Homa Bay, nikiwa na bibi mmoja ambaye mpaka leo nina hamu naye kama mtu anavyokuwa na hamu na nyumba aliyozaliwa.

Mimi ni mzaliwa wa Homa Bay mjini. Baba alitoka Pwani akiwa kijana, akafungua duka karibu na soko, akauza leso, taa, misumari, nyuzi za nyavu na chochote ambacho mvuvi angekihitaji kabla ya kusukuma mashua. Alikufa akiwa bado anasema "kwetu" akimaanisha mahali ambapo hakuwa amepakanyaga kwa miaka mingi. Mimi kwetu ni ziwani. Dholuo nilijifunza vumbini na wenzangu, Kiswahili nilikipata nyumbani kwa baba, aliyekuwa akinisikia nikisema "hiyo jina" anashika kichwa kana kwamba nimevunja sahani ya wageni. Mtoto akizaliwa kwa jirani yeyote Mwislamu, baba ndiye aliyeitwa kumwadhinia sikioni. Alikuwa na sauti ya chini, nzito, na watoto walitulia wakimsikiliza. Alipokufa, sauti ile alikwenda nayo. Siku hizi watu wanarekodi hata sahani ya ugali kabla ya kuila, lakini sauti ya baba hatuna. Kuna asubuhi naamka nikiitafuta masikioni mwangu na siipati, nabaki nimekaa kitandani kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Kabla ya kuhamishiwa Oyugis, nilikuwa kwenye kituo kidogo cha afya ufuoni, upande wa Karungu, kule Migori. Mashua za kutoka kisiwa cha Remba zilifika pale zikileta dagaa tunaowaita omena, samaki aina ya mbuta na wagonjwa, mara nyingi vyote katika safari moja. Remba ni kisiwa kidogo chenye mabati mengi kuliko mawe. Nyumba zimebanana hivi kwamba ukipiga chafya kwako, jirani anakwambia pole kutoka kitandani kwake.

Asubuhi moja, jua likiwa limeshapanda, mashua ilimleta mwanamke aliyejifungua alfajiri ile kisiwani. Alijifungua kabla ya siku zake, mikononi mwa mama mkwe wake na mkunga wa kienyeji. Damu ilimtoka nyingi. Walimbeba kwa turubai kutoka majini mpaka mlangoni kwetu. Nataka hili lieleweke tangu sasa: mgonjwa waliyemleta alikuwa mama. Mtoto alikuja tu kwa sababu mtoto haachwi nyuma.

Mimi na mwenzangu wa zamu tulimshughulikia mama yule. Dripu, sindano, kushona. Damu ikakatika, macho yake yakatulia, akaomba chai, na muuguzi yeyote atakwambia kwamba mtu anayeomba chai ana nia ya kuishi. Hapo ndipo nilipopata nafasi ya kugeukia benchi alikoketi mama mkwe, bibi mrefu, mkavu, mwenye miguu ya mtu aliyesimama majini maisha yake yote. Alikuwa amemfumbata mjukuu ndani ya leso na sweta ya mtu mzima. Uso wake ulikuwa unang'aa. Sijui niseme vipi. Mkwe wake alikuwa ametoka kuchungulia kaburi na yeye ameketi pale anang'aa kama bibi harusi.

"Na huyu mgeni wetu?" nikamwuliza.

"Huyu hana shida, sista. Alilia sana kwa boti, alilia mpaka tukachoka. Sasa amenyamaza. Amekubali jina."

Mimi nililelewa na Wajaluo, sikuhitaji kufafanuliwa. Mtoto mchanga akilia bila kukoma, wakubwa huanza kumtajia majina ya wafu wa ukoo, mmoja baada ya mwingine. Jina atakalolinyamazia ndilo lake. Aliyekuwa akibisha hodi ametambuliwa, amekaribishwa, ametulia. Sisemi ni upuuzi. Nimemwona mtoto mzima, mnene, aliyeshiba, akilia jioni nzima kisha akanyamaza kwa jina moja na kukodoa macho kama aliyeitwa na mtu anayemjua, na mimi mwenyewe nywele zikanisimama.

Bibi alikuwa ametaja majina tangu mashua ilipoacha kisiwa, akipiga kelele ili ashinde injini. Alitaja wa upande wa mumewe, wanaume kwa wanawake. Mtoto akalia tu. Katikati ya ziwa, upepo ukiwarushia maji, akalitaja jina la mumewe mwenyewe, fundi wa mashua, aliyekufa kwa ugonjwa na ambaye alikuwa bado hajamaliza kumlilia.

"Niliita yeye mara moja tu, sista. Mara moja! Akanyamaza hapo hapo. Huyo mzee alikuwa hapendi kuitwa mara mbili."

Nilicheka. Nikanyoosha mikono nimpokee mzee aliyerudi, na nilikuwa bado nacheka vidole vyangu vilipopenya ndani ya sweta vikagusa mguu wake.

Mguu ulikuwa baridi kama kikombe kilichosahauliwa nje. Leso ya ndani ilikuwa imelowa maji ya ziwa. Nikamfunua. Alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani, ngozi yake ya majivu, kifua kikiingia ndani kila alipovuta pumzi, na pumzi zenyewe zikija kwa kusitasita. Nilimsugua mgongo. Akafungua mdomo mpana, na hakuna kilichotoka. Baba alikuwa na methali aliyoipenda kuliko zote, kimya kingi kina mshindo mkuu, na alipenda kuitumia kuhusu wadeni wake. Mimi niliikumbuka pale, mbele ya benchi.

Mtoto hakuwa amekubali jina lolote. Alikuwa ameishiwa na nguvu za kulia.

Sikumwambia bibi. Nilisema tu, "Dani, niachie huyu," maana dani ndivyo tunavyomwita bibi kule, na nadhani sauti yangu ndiyo iliyomwambia mengine, kwa sababu ule mng'ao ulipungua kidogo. Tulimkausha, tukamvua vyote vilivyolowa, tukamvika kofia ya sufu na soksi. Mwenzangu akamchoma dozi ya kwanza ya dawa. Mimi nikamkamua mama yake, pale pale kitandani, matone ya yale maziwa ya njano ya kwanza, nikamdondoshea mtoto ndani ya shavu kidogo kidogo kwa sababu hakuwa na nguvu ya kunyonya. Nikapiga simu hospitali kubwa ya Homa Bay. Sista wa wodi ya watoto wachanga akaniambia mlete, mlete kifuani mwa mtu, nitakuwa mlangoni.

Ambulansi ilikuwa imempeleka mama mwingine Migori na haikuwa imerudi. Mama wa mtoto hakuweza hata kuketi bila kuona giza, kwa hiyo tukakubaliana atafuata nayo ikirudi, na mwenzangu atabaki naye. Mtoto asingeweza kungoja. Mwenye gari dogo la kubebea omena alikuwa nje akishusha magunia. Nilimwita kwa ukali kana kwamba amenikosea.

"Ingia madam," akasema. "Hii gari inanuka, lakini inafika."

Mimi nilihitaji mikono yangu, kwa hiyo kifua kikawa cha bibi. Nikamwambia afungue blauzi. Akamtazama dereva. Dereva, mtu wa maneno mengi ambaye sikumtegemea hata kidogo, akanyoosha mkono akageuza kioo chake mpaka kikaangalia paa la gari. Bibi akafungua vifungo. Nikamlaza mtoto wima katikati ya matiti yake, ngozi kwa ngozi, kichwa kimegeukia upande, shingo isipinde, nikawafunga pamoja kwa leso kavu na kuwafunika na sweta juu. Mimi nikakaa kando yao nimepenyeza mkono ndani, kidole mgongoni mwa mtoto, nikihesabu kimoyomoyo kila mgongo ulipoinuka. Ndiyo kazi niliyokuwa nayo. Ungeniona kwa nje ungedhani ni mtu aliyemshika bibi yake kiuno.

Bibi alikuwa anaongea. Nadhani lile joto dogo la mtoto, au joto lake mwenyewe likimwingia mtoto, lilimlegeza. Aliongea na mimi na aliongea na yeye.

"Juzi alikuja kwa ndoto. Alisimama mlangoni, hakuingia. Nikamwambia ingia, mlango haujafungwa. Akasema bado." Akainamisha kidevu kwenye ile kofia ya sufu. "Kumbe ulikuwa unatafuta njia. Na umerudi mdogo hivi! Wewe, mtu mkubwa vile."

Aliniambia mumewe alikuwa akipiga mluzi akiranda mbao, mluzi ule ule kila siku, na yeye alikuwa akimtukana anyamaze. Sasa anaamka asubuhi na masikio yake hayajui pa kukaa. Aliyasema hayo kwa furaha, kama mtu anayesimulia njaa akiwa ameshashiba.

Nilimwonea wivu. Sitaficha. Sisi wafu wetu tunawaombea, hatuwangoji. Tulimwosha baba, tukamkafini, tukamzika kabla jua halijatua, na tangu siku ile hakuna mlango hata mmoja ninaoweza kumwachia wazi. Na pale kando yangu, kwenye gari linalonuka omena, mwanamke amemfungia wake kifuani kwa leso.

Kisha mgongo ukaacha kuinuka chini ya kidole changu.

Watoto waliozaliwa mapema husahau kupumua. Ni neno tunalotumia, kusahau, na ni neno sahihi. Wanahitaji kukumbushwa. Nilichomoa mguu wake kwenye soksi nikauchapa unyayo kwa ncha ya kidole, mara moja, mara tena. Akashtuka. Akatoa sauti nyembamba kama bawaba isiyotiwa mafuta, na mgongo ukainuka. Nikapumua na mimi.

Bibi alinishika kifundo cha mkono.

"Wacha! Unamfanyia nini?"

"Nataka alie."

"Ametulia, wewe unamchapa alie! Akilia tena si atakuwa amekataa? Sista, unamfukuza."

Nilikuwa sijalifikiria. Kwangu kila kilio kilikuwa pumzi. Kwake, kila kilio nilichokitoa kwa ncha ya kidole kilikuwa kinamtoa mumewe ndani ya nyumba, kinamrudisha mlangoni, kinamrudisha kule alikotoka. Na alinishika sawasawa. Mkono uliovuta nyavu miaka yote hauwi wa mchezo.

Ningekuwa mtu mpole ningetafuta namna. Mimi si mtu mpole, na mgongo ulikuwa unasitasita tena.

"Dani, nisikilize vizuri. Huyu hajakubali chochote. Baridi imemmaliza kule ziwani. Alinyamaza kwa sababu amechoka. Mtoto mgonjwa akinyamaza hivi, anaenda. Unanisikia? Anaenda. Nataka alie mpaka tufike Homa Bay."

Dereva, ambaye tangu Karungu alikuwa anaeleza siasa za soko la omena bila kuulizwa, akakata maneno katikati. Bibi aliachia mkono wangu. Akageuza uso dirishani, kwenye mashamba ya miwa, na machozi yakamtoka bila sauti yoyote, yakateremka shingoni mpaka kwenye ile kofia, nikalazimika kuifuta ili isilowe. Nilimwonea huruma. Nilikuwa nimemwambia kweli, na kweli yangu ilikuwa imemfanya mjane mara ya pili, ndani ya asubuhi moja.

Tulikuwa tumeipita Ndhiwa mtoto aliposahau tena. Nikachapa unyayo. Hakuna. Nikasugua mgongo kwa nguvu. Hakuna. Mguu ulikuwa mlegevu mkononi mwangu.

"Simamisha!"

Gari likasimama kando ya miwa. Nikafungua leso, nikamlaza mtoto kwenye mapaja ya bibi, nikatoa mkobani ambu, ule mpira wa kupulizia hewa, nikamwekea barakoa yake ndogo puani na mdomoni, nikaanza kuubonyeza taratibu, hewa iingie. Kifua kikainuka. Nikaachia. Kikashuka. Dereva alikuwa ameshavua koti lake, amezunguka upande wetu, amelitandaza mlangoni upepo usipite, na ameangalia pembeni. Bonyeza, achia. Kifua kilikuwa kinainuka kwa sababu yangu tu, na mtu anajua tofauti, anaijua mikononi. Nilianza kusoma dua bila kujua nimeanza lini.

Bibi alikuwa ameushika ule mguu. Akaanza kuongea Dholuo, kwa sauti ya mtu anayegombana na mumewe jikoni na hataki majirani wasikie. Mimi naweka hapa kwa Kiswahili. Alisema: "Ulikuwa hupendi kuitwa mara mbili. Mimi nakuita mara ya pili. Kama ni wewe, lia. Na kama si wewe, lia pia, mtoto wangu, lia tu."

Kisha yeye mwenyewe, kwa kidole chake kikavu, akauchapa ule unyayo.

Sijui ni hewa, sijui ni kidole, sijui ni ugomvi. Mtoto alikunja goti. Akavuta pumzi moja ya kwake, ikifuatwa na nyingine, na nilipoondoa barakoa akatoa kilio kidogo, kibovu, kinachokatika, kilicho kizuri kuliko adhana zote nilizowahi kusikia, Mungu anisamehe. Dereva akasema "Yawa!" na akaanza kulia waziwazi, koti likiwa bado limetandazwa.

Tangu hapo bibi aliichukua kazi yangu. Alimrudisha kifuani, nikawafunga tena, na kila mgongo uliposita, hata kabla sijafumbua mdomo, alikuwa ameshamchapa unyayo. "Lia," alimwambia. Akalia. "Lia tena." Tuliingia barabara ya lami pale Rodi, Homa Bay ikiwa imekaribia, akimchokoza hivyo. Kilio kilikuwa kinanenepa. Nilipogusa miguu, niliona vidole vimeanza kuwa vya mtu aliye hai, na nilimwambia bibi, naye akagusa mwenyewe ahakikishe, kwa sababu tangu asubuhi alikuwa amejifunza kutoniamini na kutojiamini.

Kwenye lango la hospitali, labda kwa sababu gari liliruka tuta kwa fujo, mtoto alifumbua kinywa akalia kilio kamili, cha hasira, cha mtu mwenye madai. Walinzi waligeuka.

Bibi alinitazama. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anatabasamu, yote mawili kwa pamoja.

"Amekataa," akasema. "Amekataa kabisa. Huyu si yeye."

Sista wa wodi alikuwa mlangoni kama alivyoahidi. Nilimweleza niliyotakiwa kumweleza, akampokea mtoto, akaingia naye, mlango ukajifunga. Bibi alibaki amesimama kwenye ukumbi, blauzi wazi, leso imening'inia, mikono bado imekunjwa mahali ambapo mtoto alikuwa. Nilimfunga vifungo mimi, kimoja kimoja. Nikamkumbatia. Alikuwa ananuka moshi, samaki na mtoto mchanga.

Watu hudhani jambo gumu katika kazi hii ni njiani. Gumu ni kurudi. Unamkabidhi mtu uliyemshikia pumzi, kisha unapanda gari tupu unarudi kwenye foleni ya malaria. Nilimwomba dereva apitie pale lilipokuwa duka la baba. Siku hizi wanauza simu na vifuniko vyake vya rangi. Nilisimama upande wa pili wa barabara kwa muda. Kijana wa duka akavuka kuniuliza nataka nini. Nilitaka sauti ya mzee, ya chini, nzito, imwadhinie mtoto niliyemwacha nyuma ya mlango, basi.

Mama wa mtoto alifuata na ambulansi jioni ile. Mara ya kwanza nilipopiga simu wodini waliniambia yupo, anapumua. Mara ya pili, ananyonya. Baadaye wakaniambia ameruhusiwa, amerudi kisiwani, na habari zake zikamezwa na ziwa, kama za wote tunaowapeleka. Nilikuwa nikisikia mashua ya Remba inafika, natoka nje nikijifanya naanika vitambaa.

Nilikuwa nimeshapokea uhamisho wa Oyugis na ninahesabu siku zangu za mwisho ufuoni niliposikia, siku ya chanjo, mtoto akilia tangu langoni. Kilio kile kilikuwa na madai. Nilikijua kabla sijawaona. Bibi aliingia mbele, mrefu vile vile, mama wa mtoto nyuma yake, mzima, ana aibu ya mtu ambaye mara ya mwisho mlimwona akiwa hajiwezi. Mtoto alikuwa bado mdogo lakini mashavu yalikuwa yameanza kujitegemea. Walikuwa wamempa jina la kanisa na jina la mtoto wa njiani, kwa sababu alipatikana barabarani, alisema bibi, si nyumbani wala ziwani.

Nilimdunga. Akaangua. Mama yake akaanza kuniomba radhi, lakini bibi alimchukua mtoto, akamwinamia sikioni, na kwa sauti ndogo kabisa akamtajia jina la mumewe. Mtoto akazidi kulia.

"Huyu kichwa ngumu," akaniambia. "Mimi hujaribu kila siku. Hata leo kwa boti nimejaribu." Hakuonekana kuona haya. Akanigeukia. "Na wewe, sista? Baba yako alikuwa nani?"

Nikamtajia. Nikamwambia lilipokuwa duka.

"Ile duka ya taa? Mzee wangu alikuwa ananunua misumari huko!" Akalifikiria jambo hilo, akaridhika nalo. "Basi wanajuana."

Na kabla sijamwambia kwamba kwetu mambo haya hayapo, aliinamia sikio la mjukuu wake akalitamka jina la baba yangu, polepole, kwa lafudhi ya kwao.

Mtoto akanyamaza.

Mdomo ulibaki wazi, macho yamemkodoka. Mimi ni muuguzi. Najua mtoto anayelia sana hufika mahali akaishiwa, akavuta pumzi ndefu kabla ya kuendelea. Nimeyaona hayo kila siku ya maisha yangu ya kazi, na kidole changu kilikuwa kimeshafika kwenye unyayo wake chenyewe, bila kutumwa. Lakini sikuchapa. Katika kitambo kile nilisahau kila nilichosomea. Karibu baba, nilisema moyoni. Ingia, mlango haujafungwa.

Kisha kilio kikarudi, kikubwa kuliko cha kwanza, mpaka foleni nzima ikageuza vichwa. Bibi alipiga paja akacheka. Nami nikamshukuru Mungu, machozi yakinitoka, na sikujua ni ya kwamba mtoto ni mzima au ya kwamba hakuwa yeye. Mama yake alinyoosha mikono amchukue amnyamazishe.

"Mwache," nikamwambia. "Mwache alie."